Insha ya Muhula ya Sayansi ya Siasa: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Kila likizo ya chuo inapofika, wanafunzi wa Lamu na Malindi wanaosoma sayansi ya siasa hurudi nyumbani na insha zilizopata alama za chini, na maoni ya mhadhiri yaliyoandikwa pembeni huwa ni yale yale: umesimulia, hukujenga hoja. Mwanafunzi huyasoma, haoni afanye nini tofauti, na muhula unaofuata huongeza kurasa. Insha ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza na huanguka vile vile.

Baada ya kusoma rasimu nyingi za aina hiyo, nimeridhika kwamba tatizo huanza kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Mwanafunzi huchagua mada, kwa mfano ugatuzi au ukabila au vyama vya siasa, kisha hueleza kila anachokijua kuihusu. Mada haiwezi kujibiwa. Kinachoweza kujibiwa ni swali dogo, lenye majibu zaidi ya moja yanayowezekana, ambalo ushahidi unaweza kulikata.

Mwongozo huu unaifuata insha moja tangu swali lake hadi siku ya kuiwasilisha. Mfano ni chaguzi za ugavana katika kaunti za Lamu na Kilifi, kwa sababu mwanafunzi wa Amu (mji wa Lamu) na wa Malindi wote wawili wanazijua na matokeo yake yako wazi kwa umma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta agizo la mhadhiri kwa maandishi, lenye idadi ya maneno, mtindo wa marejeleo na tarehe ya mwisho. Usitegemee kumbukumbu ya mwenzako aliyekuwa darasani.

Kuwa na nakala kamili ya Katiba ya Kenya ya 2010, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikiwa swali lako linagusa ugatuzi. Wanafunzi wengi hunukuu Katiba kutoka kwenye muhtasari wa magazeti, na mhadhiri hulitambua jambo hilo mara moja.

Pata matokeo ya uchaguzi yaliyotangazwa na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, na takwimu za sensa ya 2019. Pata pia makala tatu au nne za kitaaluma zinazohusu swali lako. Kumi na tano ambazo hukuzisoma hazikusaidii kitu.

Andaa madaftari mawili. La kwanza ni la maneno ya waandishi, pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. La pili ni la mawazo yako mwenyewe. Sababu ya kuyatenganisha utaiona katika hatua ya tisa.

Jipe wiki nne. Ikiwa utakaa Faza, Kiunga au kijiji ambacho mtandao wake ni wa kubahatisha, pakua kila kitu ukiwa bado chuoni, kwa sababu makala nyingi za kitaaluma hufunguka kupitia mtandao wa chuo pekee.

## Hatua ya 1: Soma agizo kwa kalamu mkononi

Zungushia duara kitenzi cha swali. "Eleza" hudai jinsi jambo linavyofanya kazi. "Linganisha" hudai visa viwili au zaidi na kigezo kimoja kinachovipima vyote. "Tathmini" hudai useme wazi kipimo chako kabla ya kutoa hukumu. "Jadili", ambalo ndilo linalowapoteza wengi, hudai pande zinazopingana na msimamo wako baada ya kuzipima.

Umefaulu hapa ukiweza kusema, kwa sentensi moja na bila kutazama karatasi, mhadhiri anataka kuona nini.

## Hatua ya 2: Tafuta fumbo

Fumbo ni mambo mawili ya kweli ambayo, yakiwekwa pamoja, yanamfanya mtu mwenye akili aulize kwa nini. Hii ndiyo hatua inayoamua hatima ya insha, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Tazama mfano wetu. Kenya imefanya chaguzi tatu kuu chini ya Katiba mpya: tarehe 4 Machi 2013, 8 Agosti 2017 na 9 Agosti 2022. Katika Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ugavana umechukuliwa na chama cha ODM mara zote tatu: Amason Kingi mara mbili za mwanzo, kisha Gideon Mung'aro. Katika Kaunti ya Lamu, chama kilichoshinda kimebadilika kila mara: Issa Timamy kwa UDF mwaka 2013, Fahim Twaha kwa Jubilee mwaka 2017, na Timamy tena mwaka 2022, safari hii kwa ANC.

Kaunti zote mbili ni za Pwani, zinaishi chini ya Katiba moja, zilipiga kura siku moja, na zote zina malalamiko ya miaka mingi kuhusu ardhi. Kwa nini basi moja imeshikamana na chama kimoja na nyingine imepitia vyama vitatu? Hilo ni fumbo. Lina majibu kadhaa yanayowezekana, na baadhi yake lazima yawe na makosa.

Jihadhari na swali ambalo jibu lake tayari unalipenda. Mwanafunzi anayeanza na "namna wanasiasa walivyowasaliti watu wa Lamu" ameshahukumu, na kinachobaki ni kukusanya malalamiko. Huenda malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, insha ya kitaaluma hupimwa kwa namna ilivyoyachunguza, na uchunguzi hauwezekani pale ambapo hukumu imetangulia.

Ili ujipime, mweleze mtu asiyesoma somo hili fumbo lako kwa sentensi mbili. Akiuliza "ehe, kwa nini?", umelipata. Akiitikia kwa kichwa tu, rudi ukatafute.

## Hatua ya 3: Amua unapima nini hasa

Kwa maoni yangu hapa ndipo mwanafunzi wa kawaida na mwanafunzi hodari hutengana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tumesema Lamu "imebadilika" na Kilifi "imeshikamana". Je, ni nini kilichobadilika? Ukihesabu vyama, Lamu ina vitatu na Kilifi kimoja. Ukihesabu watu walioshika ugavana, kila kaunti ina wawili. Tofauti iliyokuwa kubwa imetoweka, na tumebadilisha kipimo tu.

Endelea kuchimba. Kingi hakuondoka mwaka 2022 kwa sababu wapiga kura walimkataa. Ibara ya 180 ya Katiba haimruhusu gavana kushika kiti kwa zaidi ya vipindi viwili. Kwa upande wa Lamu, gavana aliyekuwa madarakani mwaka 2017 alishindwa kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo, ingawa idadi ya watu ni sawa, Kilifi ilibadilisha mtu kwa amri ya sheria na Lamu ilimbadilisha kwa kura.

Kuna la zaidi. UDF ndicho chama alichogombea nacho urais Musalia Mudavadi mwaka 2013, na ANC ndicho alichokiongoza baadaye. Ushindi wa Timamy wa 2013 na ule wa 2022 ulipatikana kwa majina mawili ya vyama, lakini mgombea ni yule yule na kiongozi wa kitaifa nyuma yake ni yule yule. Je, huko ni kubadilika au ni kushikamana kwa namna nyingine?

Hakuna mtu atakayekujibia. Wewe ndiye unayepaswa kuamua, kwa mfano, kwamba insha yako inapima uaminifu wa wapiga kura kwa chama, au kwamba inapima uwezo wao wa kumwondoa aliye madarakani. Ukishaamua, andika ufafanuzi huo katika aya ya pili ya insha na usiuache hadi mwisho. Insha nyingi huanza kupima chama na kumalizia kupima mtu, na mwandishi mwenyewe hana habari.

Dalili ya mafanikio ni kwamba watu wawili wakipewa ufafanuzi wako na matokeo ya IEBC, kila mmoja peke yake, watafikia hesabu moja.

## Hatua ya 4: Andika majibu yanayoshindana

Andika angalau majibu matatu, kila moja likifuatwa na sentensi inayoanza "Ikiwa hili ni kweli, basi tungeona…". Sentensi hiyo ndiyo inayoligeuza wazo kuwa nadharia tete. Bila hiyo unabaki na maoni, na maoni hayapimiki.

Jibu la kwanza ni muundo wa jamii. Lamu ina visiwa vyake, Amu na Pate na vinginevyo, vyenye wakazi wengi Waswahili na Wabajuni. Ina bara yenye Waboni, Waorma na Wamijikenda. Na ina Mpeketoni, ambako mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970 uliwaleta watu wengi kutoka sehemu nyingine za Kenya. Hakuna kundi linaloweza kushinda peke yake kwa urahisi, hivyo kila uchaguzi hudai muungano mpya. Kilifi wengi ni Wamijikenda. Ikiwa hili ni kweli, basi tungeona kaunti nyingine zenye mchanganyiko mkubwa zikibadilisha vyama vivyo hivyo.

Jibu la pili ni ukubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Lamu, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote, dhidi ya 1,453,787 wa Kilifi. Mahali ambapo wapiga kura ni wachache, mgombea anaweza kufahamika mwenyewe, kwa ukoo, kwa mtaa na kwa vikao vya daka (ukumbi wa mlangoni), na chama hakimwongezei mengi. Ikiwa hili ni kweli, basi tungeona kaunti nyingine ndogo nazo zikivibadilisha vyama.

Jibu la tatu ni nguvu ya chama chenyewe. Huenda ODM ilijijenga Kilifi kwa kina ambacho hakuna chama kilichokifikia Lamu. Ikiwa hili ni kweli, basi mwanasiasa mkubwa akitoka chamani, wapiga kura wangebaki na chama.

Onyo: usiandike majibu mawili ya kusukumwa tu ili lako lishinde. Kila jibu liandike kwa namna ambayo mtu anayeliamini angeliandika.

## Hatua ya 5: Soma wataalamu kwa kusudi

Usisome makala tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Anza na muhtasari, nenda kwenye hitimisho, kisha rudi katikati utafute mambo matatu: mwandishi anadai nini, anatumia ushahidi gani, na anampinga nani. Yaandike katika daftari la kwanza kwa sentensi tatu.

Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa, kwa kuwa linakuonyesha mjadala ulivyokaa na wapi swali lako linaingia. Mwanafunzi anayewapanga waandishi kwa zamu, fulani anasema hivi na fulani anasema vile, amesoma bila kuuona ubishi uliopo kati yao.

## Hatua ya 6: Kusanya ushahidi

Anza na nyaraka. Matokeo ya kura chukua kwenye matangazo rasmi ya IEBC, hesabu za watu kwenye sensa, na maneno ya sheria kwenye sheria yenyewe. Ukihitaji hati iliyo mikononi mwa serikali ya kaunti, Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa muda usiozidi siku 21 wa kuamua ombi lako. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala. Kwa ratiba ya wiki nne, ombi hilo ni la wiki ya kwanza.

Mahojiano ni ya hiari kwa insha ya muhula, na mara nyingi ninashauri yaachwe hadi tasnifu ya mwaka wa mwisho. Ukiamua kuyafanya, muulize mhadhiri wako kwanza kuhusu idhini ya idara na kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na zikumbuke taratibu za Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwambie unayemhoji wewe ni nani, maneno yake yatatumika wapi, na kwamba anaweza kukataa. Mzee anayeamkiwa "shikamoo" na kijana wa mtaani anaweza kuona haya kumkatalia, kwa hiyo ni juu yako kumfungulia mlango wa kukataa kwa maneno yaliyo wazi. Siasa za Lamu zimewahi kugusa damu, hasa mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na jina la mtu lililoandikwa kwa pupa linaweza kumdhuru. Ficha majina.

Panga ziara zako kwa kuzingatia maji na sala. Mashua ya kwenda Faza haikusubiri maji yakishakupwa, na Ijumaa mchana si wakati wa kumtafuta mtu.

Kuna hatari moja ambayo mwenyeji huikosa kwa sababu amezoea mahali pake. Ukiuliza maswali yako barazani au kwenye daka, utawapata wanaume, tena wa umri fulani, tena wa mtaa mmoja. Wanawake wa Langoni, wavuvi walio baharini saa hiyo na wakulima wa Hongwe hawamo. Ukisema "watu wa Lamu wanaamini" kwa msingi wa baraza moja la Mkomani, umewanyamazisha wote hao. Andika "wanaume niliozungumza nao Mkomani", na mhadhiri atakuheshimu kwa hilo.

## Hatua ya 7: Yapime majibu

Sasa chukua kila nadharia tete uitafutie kisa kinachoweza kuiangusha. Mwanafunzi hutafuta kisa kinachoiunga mkono, nacho hupatikana daima. Kinachokujengea hoja ni kile ambacho kingeweza kuiangusha na hakikuiangusha.

Jibu la ukubwa linatupeleka Isiolo, kaunti nyingine yenye watu wachache. Mwaka 2013 ugavana wake ulichukuliwa na Godana Doyo wa URP, mwaka 2017 na Mohamed Kuti aliyekuwa mgombea huru, na mwaka 2022 na Abdi Guyo wa Jubilee. Inafanana na Lamu kabisa, na mwanafunzi hushangilia. Asubiri kwanza. Isiolo pia ina mchanganyiko mkubwa wa jamii. Kwa hiyo inaunga mkono jibu la ukubwa na jibu la muundo wa jamii kwa pamoja, na kisa kinachounga mkono majibu mawili hakituambii lipi ni sahihi.

Tunahitaji mahali ambapo mambo hayo mawili yametengana. Mombasa ina mchanganyiko mkubwa wa watu, na wakazi wake walizidi milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Ugavana wake umechukuliwa na ODM mara zote tatu, Hassan Joho akifuatwa na Abdulswamad Nassir. Hapa mchanganyiko upo na mabadiliko hayapo. Jibu la muundo wa jamii haliwezi tena kusimama peke yake. Lile la ukubwa limebaki hai, ingawa halijathibitika.

Jibu la tatu lina mtihani wake pale pale Kilifi. Kabla ya uchaguzi wa 2022 Kingi alikuwa ameondoka ODM na kuongoza chama kipya cha PAA, lakini kiti kilibaki ODM. Upande wa Lamu, mwanasiasa aliyeshinda mwaka 2013 kwa chama kimoja alishinda tena mwaka 2022 kwa chama kingine. Ukiviweka visa hivyo viwili pamoja, unapata dai ambalo insha nzima inaweza kuzungushwa juu yake: Kilifi chama kimembeba mgombea, ilhali Lamu mgombea amekibeba chama.

Mwanafunzi wa Malindi ana ushahidi wa ziada karibu naye. Katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Malindi wa Machi 2016, uliofanyika baada ya mbunge aliyechaguliwa kwa ODM kuteuliwa kuwa waziri, chama hicho kilikihifadhi kiti kwa mgombea mpya.

Baada ya hapo jipinge mwenyewe, kwa sababu mhadhiri atakupinga. Kingi hakuwa mgombea mwaka 2022, kwa hiyo hatujui kama wapiga kura wangemkataa yeye mwenyewe. Ushindi wa Twaha wa 2017 ulikuwa wa tofauti ndogo mno ya kura. Kura chache zingehama, Lamu ingekuwa na gavana yule yule kwa vipindi viwili na fumbo letu lingebadilika sura. Nadharia kubwa isitundikwe juu ya ushindi mwembamba bila kusema hivyo waziwazi.

Pia usikisie kura ya mtu kutokana na jumla ya wadi. Mgombea akipata kura nyingi Hongwe au Bahari, matokeo hayakuambii ni nani aliyempigia, wa jamii gani na kwa sababu gani. Yanakuambia kura zilizopigwa mahali hapo, basi. Kosa hili ni la kawaida sana katika insha za uchaguzi wa Kenya, ambako jina la mahali huchukuliwa kuwa jina la kabila, na madhara yake huvuka mipaka ya darasa.

Umeifaulu hatua hii ikiwa angalau jibu moja limeanguka au limedhoofika mikononi mwako. Yakibaki yote matatu na nguvu ile ile, hujayapima.

## Hatua ya 8: Andika

Andika katikati kwanza na utangulizi mwisho, kwa sababu huwezi kumtambulisha msomaji kwa hoja ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza. Ikiwa kozi yako hufundishwa kwa Kiingereza na mawazo yako hutiririka kwa Kiswahili, fanya rasimu ya hoja kwa Kiswahili. Nimeona wanafunzi ambao hoja zao zilinyooka kwa njia hiyo pekee.

Kila aya ianze na dai, ifuatwe na ushahidi, kisha ieleze ushahidi huo unalihusu dai vipi. Tazama aya hii kutoka kwenye rasimu ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara:

"Mwaka 2013 kulikuwa na uchaguzi. Issa Timamy alishinda. Mwaka 2017 Fahim Twaha alishinda. Mwaka 2022 Timamy alishinda tena. Hii inaonyesha kwamba siasa za Lamu zina ushindani."

Kila sentensi ni ya kweli, na hakuna hoja. Tazama mambo yale yale yakiwa yamepewa kazi:

"Jina la chama halionekani kuwafunga wapiga kura wa Lamu. Timamy alishinda mwaka 2013 akiwa UDF na mwaka 2022 akiwa ANC, jambo ambalo lingekuwa gumu ikiwa kura zake zingetokana hasa na uaminifu kwa chama. Hata hivyo, kwa kuwa vyama hivyo viwili vilihusishwa na kiongozi mmoja wa kitaifa, ushahidi huu hautengi kikamilifu mvuto wa mgombea na mvuto wa kiongozi huyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta alama. Mwanafunzi huiogopa, akidhani anajidhoofisha.

Kwa insha ya maneno 2,500, utangulizi usizidi maneno 250: fumbo, jibu lako kwa sentensi moja, na njia utakayoipitia. Historia ya Lamu tangu enzi za masultani haina kazi hapa isipokuwa moja ya nadharia tete zako inaitegemea. Sehemu ndefu kuliko zote iwe ile ya kuyapima majibu.

## Hatua ya 9: Marejeleo na uaminifu

Kila dai lisilo lako lipewe mwandishi, mwaka na ukurasa palepale unapoliandika. Ukiahidi kurudi baadaye, hutakumbuka. Hapa ndipo madaftari mawili yanapokusaidia: kilichomo katika la kwanza kinadai marejeleo daima, na cha la pili ni chako. Wanafunzi wengi waliokamatwa kwa wizi wa maandishi hawakukusudia kuiba; walichanganya maneno ya watu na yao katika karatasi moja, na baada ya wiki mbili hawakuweza kuyatenganisha.

Programu za akili bandia zinaweza kutunga marejeleo yanayofanana kabisa na ya kweli: jina la msomi aliyepo, jarida lililopo, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Usiweke marejeleo ya chapisho ambalo hukulifungua kwa macho yako. Kuhusu matumizi mengine ya programu hizo, fuata kanuni ya chuo chako kama ilivyoandikwa.

## Hatua ya 10: Sahihisha na uwasilishe

Iache rasimu siku mbili. Ukirudi, andika pembeni mwa kila aya dai lake kwa maneno machache, kisha soma pembeni pekee kutoka juu hadi chini. Madai hayo yakifuatana kwa mantiki, insha imesimama. Aya isiyo na dai ifute, hata kama uliipenda. Aya yenye madai mawili igawe.

Mpe mtu mmoja aisome, na usimuulize kama ni nzuri, maana atakuambia ni nzuri. Muulize umedai nini na kwa ushahidi gani. Akijibu jambo tofauti na ulilokusudia, kosa liko kwenye maandishi, na yeye amekufanyia hisani.

Wasilisha siku moja kabla ya mwisho, hasa ukiwa mahali ambapo umeme au mtandao hukatika, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Insha ikirudishwa, nenda kwa mhadhiri na swali moja mahususi, kwa mfano: "Ni aya gani ambayo ushahidi wangu haukutosha kulibeba dai?" Swali la "kwa nini nimepata alama hizi" humfanya ajitetee. Lile la kwanza humfanya akufundishe, na jibu lake liandike katika daftari la pili kabla hujatoka nje ya jengo.